Vitabu vya picha viwaoneshe watoto wanyama wetu jinsi walivyo

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili niseme jambo linalohusu vitabu vya picha vya wanyama ambavyo tunawapa watoto wetu kabla hawajajua kusoma. Mimi ni mwalimu wa elimu ya awali wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, na vitabu hivyo ndivyo zana yangu ya kila siku. Hoja yangu ni moja: mtoto mdogo huichukua picha kuwa ni taarifa ya kweli kuhusu mnyama, na kwa sababu hiyo wachapishaji wetu, pamoja na wale wanaoviidhinisha na kuvinunua vitabu hivyo, wanawajibika kuhakikisha kwamba picha ni sahihi, na kwamba miongoni mwa wanyama wanaochorwa wamo wale wanaoishi katika milima, misitu na mabanda ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini.

Vitabu vingi vinavyouzwa kwa bei ambayo mzazi wa kawaida anaimudu, iwe katika maduka ya Mbeya mjini, kwenye meza za wamachinga pale Mwanjelwa au karibu na stendi za mabasi za Iringa na Makambako, vimetengenezwa kwa kuchukua picha zilizochorwa kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine na kuzipachika maneno ya Kiswahili. Humo herufi D ni ya dubu, mnyama ambaye haishi porini mahali popote Tanzania, ilhali duma tunaye na jina lake linaanza kwa herufi hiyohiyo. Chui anawekewa picha ya mnyama mwenye milia anayeishi Asia. Tembo anachorwa na masikio madogo ya tembo wa Asia. Ukubwa nao haujaliwi: panya, kuku na kiboko wanajaza kila mmoja ukurasa wake kwa kipimo kilekile, bila mtu, mti wala chochote cha kulinganishia. Niliwahi kuulizwa darasani kama kiboko anaweza kuingia ndani ya ndoo, na nililiona swali hilo kuwa la busara kabisa, kwa kuwa ndivyo kitabu kilivyokuwa kimemwonesha mtoto yule.

Wanyama wa kufugwa ndio waliochorwa vibaya zaidi, na hapa ndipo ninapoumia, kwa sababu hao ndio ambao mtoto anawafahamu kwa macho yake. Rungwe ni wilaya ya maziwa. Ng'ombe wetu wengi wanafugwa ndani ya mabanda ya mbao, wanakatiwa matete na kuletewa migomba, na mtoto wa miaka mitano tayari anajua saa ya kukamua, anajua maziwa yanapelekwa wapi kukusanywa, na anamtambua ng'ombe wa jirani kwa mabaka yake. Kitabu anachokutana nacho shuleni kinamwonesha jengo kubwa jekundu lenye mnara pembeni, uzio mweupe, nguruwe wa rangi ya waridi anayetabasamu, na mkulima aliyevaa kofia pana akiwa amesimama katikati ya uwanda usio na mgomba hata mmoja. Nimeona watoto wakikaa kimya mbele ya picha hiyo. Watoto haohao, nikiwaonesha picha ya banda iliyopigwa kwa simu kijijini kwao, huanza kusema wote kwa pamoja: huyu ana mimba, huyu hajakatiwa majani, huyu amekatwa pembe.

Ukimya ule una gharama kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kitabu cha picha kwa umri huu kazi yake ya kwanza ni kumfanya mtoto aseme, aulize, akatae, ataje rangi na idadi, na asimulie anachokijua. Watoto wengi wa vijijini kwetu wanaanza shule wakiwa wamelelewa kwa Kinyakyusa, Kisafwa, Kikinga, Kibena au Kihehe, na Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya kufundishia, wengine wanakipata vizuri kwa mara ya kwanza darasani. Mtoto huyo akikutanishwa na kitu anachokifahamu, maneno mapya ya Kiswahili yanapata mahali pa kushika. Akikutanishwa na kitu asichokijua kwa lugha asiyoizoea, anabebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja, na mwalimu mwenye darasa kubwa hana muda wa kumtua hata mmoja. Stadi za KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) tunazozihimiza kila siku haziwezi kusimama vizuri mahali ambapo mtoto hajapata kwanza nafasi ya kuzungumza.

Wapo watakaosema kwamba ukweli wa picha si muhimu kwa watoto wadogo, na kwamba wanachohitaji ni kufurahi. Mimi nakubali kwamba wanahitaji kufurahi, lakini sikubali kwamba furaha na ukweli vinagombana. Mwaka 2014 Patricia Ganea wa Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada, pamoja na watafiti wenzake, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa watoto wadogo waliosomewa vitabu vya picha kuhusu wanyama wasiowafahamu. Baadhi walisomewa maelezo ya maisha halisi ya wanyama hao, na wengine walisomewa vitabu ambavyo wanyama haohao walipewa maneno na mwenendo wa binadamu. Matokeo yalionesha kwamba kumvika mnyama ubinadamu namna hiyo kunaelekea kumpunguzia mtoto mdogo uwezekano wa kujifunza ukweli kuhusu mnyama, na kunamwelekeza kuwapa wanyama halisi tabia za watu. Kwa mwalimu wa awali, matokeo hayo yanalingana na yale tunayoyaona tukiwa tumekaa kwenye mkeka na watoto.

Sisemi kwamba sungura mjanja na fisi mlafi waondolewe. Ningekuwa mtu wa mwisho kusema hivyo, kwa kuwa nimelelewa kwa hadithi hizo na nawasimulia watoto wangu wa darasani. Lakini hadithi ya mdomo ina mlango wake. Bibi anaposema "Hadithi, hadithi!" na watoto wakajibu "Hadithi njoo!", kila aliyepo anajua kwamba tumeingia mahali ambapo wanyama wanaweza kuhojiana na kudanganyana, na hadithi ikiisha tunatoka. Picha iliyochapwa kitabuni haina mlango kama huo. Inakaa mezani, inarudiwa kutazamwa, na hakuna anayemwambia mtoto kwamba huyu aliyevaa suruali ni fisi wa hadithi na wala si yule anayelia usiku ng'ambo ya mto. Ninachoomba ni kwamba kando ya vitabu vya hadithi viwepo vitabu vingine, vyenye furaha ileile na rangi zilezile, ambamo mnyama anafanya yale anayoyafanya kweli.

Na yale wanayoyafanya kweli yanatosha kumvutia mtoto yeyote. Chukua mfano wa kipunji, kima wa milima yetu. Watafiti walimwona katika msitu wa Mlima Rungwe mwaka 2003, baada ya kusikia habari zake kwa wenyeji ambao walikuwa wakimfahamu na wana jina lake, na mwaka uliofuata watafiti wengine wakamkuta katika Milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 alitangazwa rasmi kwa ulimwengu wa sayansi. Mwaka 2006 ikabainika kwamba anastahili kuwekwa katika jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la kisayansi la viumbe wenye undugu wa karibu, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2008 yalisema kwamba walikuwa wamebaki takribani 1,100 tu. Huyu ni mnyama mwenye manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi, kishungi kilichosimama kichwani, tumbo na ncha ya mkia yenye weupe, na mlio wa ajabu ulio kati ya honi na kubweka, ambao watoto wangeuiga kwa furaha mpaka darasa la jirani lilalamike. Msitu anamoishi unaonekana kutoka kwenye viwanja vya shule zetu nyingi. Hata hivyo, sijapata kuona picha yake katika kitabu chochote cha watoto kinachouzwa madukani mwetu, na watoto wa Rungwe wanafika darasa la saba wakimjua dubu na wasimjue kipunji.

Mkoani Iringa wako wengine. Katika misitu ya Udzungwa yupo sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye umbo kama la panya, ambaye maelezo yake ya kisayansi yalichapishwa mwaka 2008. Ana uzito wa takribani gramu 700, mkubwa kuliko sange wengine wote wanaojulikana, ana pua ndefu inayopekua majani makavu akitafuta wadudu, na hujitengenezea kiota cha majani juu ya ardhi ya msitu. Mchoraji anayejua kazi yake angeweza kujaza kitabu kizima kwa pua ile peke yake. Yupo pia minde, mnyama wa msituni wa jamii ya swala, mwenye kishungi chekundu kati ya pembe zake, ambaye haishi nchi nyingine yoyote duniani na ambaye hutembea zaidi usiku. Ruaha kuna tandala mkubwa na tandala mdogo katika hifadhi moja, na hapo mtoto anaweza kufundishwa kutazama kwa makini: yupi ana mistari mingi zaidi ubavuni, yupi ana mabaka meupe mawili shingoni, nani kati ya baba na mama ana pembe. Kuna mbwa mwitu, ambao hakuna wawili wenye mabaka yanayofanana, na ambao wakirudi kutoka mawindoni huwatapikia nyama watoto waliobaki shimoni. Kuna hondohondo mdogo mwenye mdomo mwekundu, ambaye jike lake hujifungia ndani ya tundu la mti wakati wa kutaga na kuatamia, likabakiza ufa mwembamba tu, na dume likawa linalilisha kupitia ufa huo. Ukurasa wenye shina la mti na ncha ya mdomo mwekundu ikichungulia, kisha ukurasa unaofuata ukimwonesha mama na makinda ndani ya tundu, ni ukurasa ambao mtoto ataufunua na kuufunika hadi uchakae.

Nisisahau mbayuwayu wa rangi ya buluu, ambaye huzaliana katika nyika za juu za Kitulo na kwingineko katika nyanda zetu, kisha akaenda kuupisha msimu wa baridi katika maeneo ya karibu na Ziwa Viktoria. Mtoto wa Makete anayetetemeka kwa baridi ya mwezi wa saba atalielewa vizuri jambo hilo.

Ninataka kukaa kidogo zaidi kwenye kundi la wanyama ambao watoto wetu wanafundishwa kuwaogopa, kwa sababu hapa kitabu cha picha kinaweza kufanya kazi ambayo maneno ya mwalimu hayaiwezi. Katika vijiji vyetu kinyonga anapoonekana kwenye ua, watu wazima hurudi nyuma na vijana huokota mawe. Milima ya Poroto na Rungwe ina kinyonga wake wa pembe tatu, anayepatikana Tanzania tu, na wapo wanaosafiri kutoka mbali kuja kumtazama. Mtoto wa miaka minne hazaliwi na hofu hiyo. Anaiona usoni mwa mtu mzima, naye anaichukua. Kitabu kinachomwonesha kinyonga kwa ukaribu, jicho moja likitazama mbele na jingine nyuma, ulimi ukiruka kumnasa nzi, vidole vilivyogawanyika vikishika tawi, kinampa mtoto muda wa kumtazama mnyama huyo bila mtu yeyote kupiga kelele. Vivyo hivyo kwa bundi, anayehusishwa na uchawi na vifo, wakati kazi yake ya usiku ni kuwinda panya, wakiwemo wale wanaomaliza mahindi ya baba yake mtoto huyohuyo. Bundi akichorwa juu ya mti ulio karibu na ghala la mahindi, na panya akichorwa chini akiwa na punje mdomoni, mtoto ataunganisha mambo hayo mwenyewe. Nimelijaribu hili kwa michoro yangu ya chaki, ambayo si mizuri, na bado maswali yalikuwa mengi. Mchoro wa fundi ungefanya makubwa zaidi.

Mafundi wanaoweza kuchora hivyo tunao. Nchi hii ndiyo iliyomtoa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, ambaye miaka ya mwisho ya 1960 alianzisha jijini Dar es Salaam uchoraji unaojulikana kwa jina lake duniani kote, na wanyama ndio waliojaa katika picha zake. Mtindo huo unafaa sana kumfungulia mtoto furaha ya rangi. Kwa kitabu cha kumtambulisha mnyama, hata hivyo, ningependa mchoraji apelekwe kwanza mahali mnyama alipo, au akae na picha nyingi zilizopigwa na askari wa uhifadhi na watafiti, ahesabu vidole na mistari, ajue mkia unakaaje mnyama anapokimbia, ndipo arudi kwenye rangi zake. Safari kama hiyo ni sehemu ya gharama ya kitabu sawa na karatasi na wino, na mchapishaji anayeikwepa atauza picha ya kubahatisha.

Suala la gharama nalijua, na silipuuzi. Kitabu cha rangi kinachapwa kwa pleti za rangi nne, na kuziandaa pleti hizo kunagharimu kiasi kilekile ziwe zitatoa nakala 500 au nakala 5,000. Ndiyo maana mchapishaji asiye na uhakika wa soko huchapa chache, bei inapanda, na mzazi anaishia kununua kile cha kunakili kilichopo mezani kwa mmachinga. Kwa mahitaji yetu kurasa 16 au 24 zinatosha, zenye sentensi moja au mbili kila ukurasa, lakini karatasi iwe nzito na jalada lipakwe kinga ya unyevu, kwa sababu Rungwe mvua hainyeshi kwa msimu mfupi, na kitabu cha karatasi nyepesi kilichobanwa kwa pini mbili huvimba na kuachia kurasa kabla muhula haujaisha. Kwa watoto wa chini ya miaka mitatu kurasa zenyewe ziwe ngumu. Kwa darasa, iwepo nakala moja kubwa ya kila kitabu ambayo watoto waliokaa nyuma wataiona bila kusukumana. Inanisikitisha, na nadhani inapaswa kuwasikitisha viongozi wetu pia, kwamba mkoa wa Iringa una misitu ya kupandwa ya Sao Hill na una kiwanda cha karatasi pale Mgololo, lakini mtoto wa Mufindi hana kitabu cha picha kinachomwonesha hata ndege mmoja wa msitu wa wilaya yake.

Njia ya kulitatua jambo hili ilishawahi kuoneshwa hapa nchini. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, uliwapa wachapishaji moyo wa kuchapa vitabu vya Kiswahili vya watoto kwa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni, na pia uliwakutanisha waandishi na wachoraji katika mafunzo. Halmashauri za mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe zikikubaliana kuagiza kwa pamoja, kutoka katika mapato yao ya ndani, vitabu vichache tu vya wanyama wa nyanda hizi kwa ajili ya madarasa yote ya awali, idadi ya nakala itakuwa kubwa kiasi cha kuishusha bei, na mchapishaji atakuwa na uhakika wa soko kabla ya kuwasha mtambo. Maktaba za mkoa za Mbeya na Iringa zipewe nakala za kuazimisha, ili na mzazi asiye na fedha ya kununua aweze kumsomea mwanawe.

Shirika la Hifadhi za Taifa, ambalo chini yake zimo Ruaha, Kitulo na Udzungwa, lina picha na lina wataalamu wanaowajua wanyama hawa mmoja mmoja. Ninaliomba lifungue hazina hiyo kwa wachoraji wa vitabu vya watoto bila malipo. Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo tayari ina maktaba mtandao inayofikika hata kwa simu, iweke humo matoleo ya vitabu hivyo. Na wakati vitabu vya ziada vinapopelekwa kuombewa ithibati, ninashauri kwamba kile kinachohusu wanyama kipitiwe pia na mtu aliyesomea wanyamapori, kutoka Chuo cha Mweka au kutoka Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, kwa sababu mtaalamu wa lugha anaweza kuliona kosa la sarufi na asilione kosa la idadi ya vidole.

Kwa wachapishaji nina ombi moja la mwisho, nalo halihitaji bajeti kubwa. Rasimu ya michoro ikishakamilika, kabla ya kupelekwa kiwandani, iletwe kwenye madarasa ya awali na ioneshwe kwa watoto wenyewe, mwalimu akiwa amekaa pembeni na daftari akiandika wanachosema, mahali wanapocheka, na mahali wanaponyamaza. Sisi walimu wa awali wa Rungwe tuko tayari kuwapokea. Waanze na kitabu cha kipunji na kitabu cha ng'ombe wa bandani. Kama banda limechorwa vibaya, wataambiwa siku hiyohiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Elimu ya Awali,
Rungwe, Mbeya